Maji ya Mwagusi

Mwagusi ni mto wa mchanga katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa. Mvua zikinyesha hufurika. Zikikatika, maji huzama, ikabaki njia pana, nyeupe, inayounguza nyayo. Mgeni akisimama ukingoni mwezi wa kumi ataapa kwamba mto huu umekufa. Wenyeji wanajua kuwa maji yapo chini ya mchanga, yanatembea polepole gizani, na kwamba tembo huyanusa.

Zamani wanyama wengi hawakuwa na haja ya kujua hayo. Walikuwa na mto Ruaha Mkuu uliotiririka mwaka mzima, na kila mmoja alikunywa bila kumshukuru yeyote. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1990, Ruaha Mkuu ukaanza kukauka kila kiangazi. Walioko juu, katika bonde la Usangu, walichepusha maji kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na walioko chini wakabaki na mabwawa ya tope, viboko wamebanana, samaki wanakufa. Hapo ndipo hekaya hii inapoanzia.

Wanyama waliitisha kikao chini ya mbuyu. Simba akasema wanyonge wahame, wenye nguvu wabaki. Nyani akataka iundwe kamati. Pundamilia wakasema tulie sote kwa pamoja mpaka mbingu zituonee haya, wakaanza kulia hapo hapo, na vumbi likatanda mpaka hakuna aliyemwona jirani yake. Vumbi lilipotulia, Bibi Tembo, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasogea katikati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mama yangu aliniambia kuwa kiangazi kama hiki kitakuja. Akaniambia kitakapokuja twende mchangani, tukae, tusiondoke mpaka tupewe."

"Tupewe na nani?" akauliza Nyani.

"Na yule aliyenyesha mvua milimani. Maji ni yake. Mimi nimepewa pua tu ya kunusia."

Wengi waliondoka. Kungoja ni kazi ngumu kuliko kukimbia, hasa koo likiwa limekauka. Waliobaki mchangani walikuwa wachache: Twiga, Mama Kanga, Kwale, Firigogo, Kinyonga, Pundamilia mmoja na Nyani, ambaye nadhani alibaki kwa kuwa alitaka kuona mwisho wa mambo. Wakakaa. Siku za mwanzo walisemana. Siku zilizofuata waliishiwa maneno. Mwisho wakaanza kusameheana, kwa sababu mtu akikaa na kiu mbele ya aliyemkosea hana pa kujificha.

Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakijua chumba cha namna hiyo. Kilikuwa ghorofani, Yerusalemu, na jumla ya waliokuwa wakikutana siku zile ilikuwa kama watu 120. Yesu alikuwa amewaagiza wasitoke mjini mpaka waipokee ahadi ya Baba. Kati ya kupaa kwake na siku ya Pentekoste zilipita siku 10 hivi, na kazi waliyoifanya, pamoja na kumchagua Mathiya ashike nafasi ya Yuda, ilikuwa kuomba na kungoja. Petro alikuwamo, yeye aliyekuwa amemkana Bwana wake mara 3 mbele ya watumishi. Thomaso alikuwamo. Mariamu mama yake Yesu alikuwamo. Sioni hata mmoja aliyeulizwa ameleta nini mkononi.

Basi alfajiri moja Bibi Tembo akainua mkonga, akanusa, akapiga hatua tatu, akaanza kufukua kwa mguu wa mbele, taratibu, kama mtu anayefunua kitu asichotaka kukivunja. Mchanga mweupe ukawa wa kijivu. Wa kijivu ukawa mweusi. Kisha maji yakapanda, machafu kwanza, halafu safi.

Alikunywa, akasogea kando. Mnyama mkubwa kuliko wote Ruaha, mwenye uwezo wa kulikalia lile shimo mpaka masika, alikunywa akawapisha wengine. Ndivyo tembo wafanyavyo Mwagusi hata leo: wakichimba na kuondoka, ndege na swala hunywa katika visima vyao.

Waliokunywa asubuhi ile walipata nguvu ya kuwa walivyoumbwa. Twiga, ambaye tangu azaliwe alikuwa akiwatazama wenzake kutoka juu, sasa aliutumia urefu wake kuwalinda. Akimwona simba kwa mbali, aliwaonya walio chini. Kwale aliimba, na kwa mara ya kwanza Pundamilia akaelewa anachoimba. Kila aliyesema alisikika kwa mwenzake kana kwamba wamelelewa kichaka kimoja. Firigogo dume hakusema neno. Alilala kifudifudi majini, akajitikisa mpaka manyoya ya tumbo lake, yaliyoumbwa kunyonya na kushika maji, yakalowa chapachapa. Kisha akaruka maili nyingi hadi nyikani walipo makinda wake ambao bado hawawezi kuruka, nao wakanywa kutoka tumboni mwa baba yao.

Nyani aliondoka bila kuaga. Jioni alirudi ameshika mayai manne kifuani, akayaweka mbele ya Mama Kanga.

"Haya niliyaiba kwako," akasema. "Mengine nilishayala. Nisamehe, mama."

Mama Kanga alimtazama kwa muda mrefu. "Kunywa tena," akamwambia, "unatetemeka."

Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki wangemtambua Nyani huyu mara moja. Mwaka 1929, kilimani Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, walisoma Biblia na kuomba pamoja wakimtafuta Roho Mtakatifu. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walikuwamo waliolia na waliotetemeka katika ibada zile, lakini jirani asiyehudhuria aliuona uamsho pale mtu alipomgongea mlango kumrudishia mali aliyomwibia, au mmisionari Mzungu alipoungama kiburi chake mbele ya Waafrika. Miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, wengi wa ndugu hao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wakakataa vilevile kubeba bunduki ya serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Nguvu ya kufanya hivyo haipatikani kwa mtu kujipa moyo mwenyewe.

Narudi mchangani. Kinyonga naye alikunywa. Kabla ya maji, yeye ndiye aliyekuwa akishangiliwa Mwagusi nzima. Alikuwa bingwa wa viinimacho: akikaa juu ya jani ni kijani, akikaa juu ya gogo ni kahawia, na wanyama walimlipa mabuyu na asali wakisema bila shaka ana uwezo wa mbinguni. Sasa hakuna aliyemwangalia tena. Akawa anamfuata Firigogo kila mahali, akishangaa. Kisha akamtazama Bibi Tembo siku baada ya siku, akaona kwamba akanyagapo maji hutoka. Akakusanya akiba yake yote ya mabuyu, akayapanga mbele yake.

"Bibi, niuzie mguu huo. Nami nikikanyaga, maji yatoke."

Hawakuwahi kumsikia Bibi Tembo akipaza sauti mpaka siku ile. "Ondoa mabuyu yako! Kitu nilichopewa bure unakitajia bei? Moyo wako umejaa uchungu, Kinyonga. Usipogeuka utakufa kwa kiu umesimama juu ya maji."

Kinyonga akapoteza rangi zake zote. "Niombee, bibi," akasema. "Niombee yasinipate hayo."

Alikuwapo Kinyonga wa kweli, Samaria, katika karne ya 1, jina lake Simoni. Habari zake ziko katika sura ya 8 ya Matendo ya Mitume. Alikuwa mchawi aliyewashangaza watu wa mji, wakubwa kwa wadogo. Filipo alipohubiri, Simoni aliamini, akabatizwa. Petro na Yohana walipotumwa kutoka Yerusalemu, wakaweka mikono juu ya waumini nao wakampokea Roho Mtakatifu, Simoni akatoa fedha apewe mamlaka hayo. Petro alimkemea kwa maneno makali kuliko mengi aliyopata kuyatamka, akamtaka atubu. Simoni akaomba aombewe, na Luka hatuambii kilichofuata. Kanisa halikusahau. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedoni uliweka kanuni kwamba askofu anayetoa daraja takatifu kwa fedha yuko hatarini kupoteza daraja lake mwenyewe.

Katika kisa kile bei ilitajwa na mnunuzi, na mtume ndiye aliyeikataa. Samaria palikuwa na mtu wa kununua lakini hapakuwa na wa kuuza. Mambo yanayoniuma leo, na yaliyonifanya niiandike hekaya hii, yamekuja pale aliyeshika kipaza sauti madhabahuni alipoanza kuitaja bei yeye mwenyewe.

Lakini kwanza Ngiri. Swala waliokuwa wamerudi kutoka mbali baada ya kusikia habari za maji walikunywa, wakashiba, wakatunga utaratibu. Wakasema Ngiri asikaribie kisimani: anagaagaa matopeni, analala katika mashimo yaliyochimbwa na wengine, anakula akiwa amepiga magoti. Hilo la magoti ni kweli, ngiri akila majani hupiga magoti ya mbele. Bibi Tembo akaenda hadi shimoni kwa Ngiri ili azungumze naye. Alikuwa bado anasema, hajainua hata mguu, maji yakapanda pale pale ndani ya shimo la Ngiri, kati ya magoti yake. Swala waliokuwa wamemsindikiza walibaki vinywa wazi. Vivyo hivyo walibaki Wayahudi waliofuatana na Petro kwenda Kaisaria, nyumbani kwa akida wa Kirumi aitwaye Kornelio: Roho aliwashukia watu wa mataifa katikati ya mahubiri, kabla ya ubatizo, kabla ya mtu kuwapa idhini. Petro alibaki na swali moja tu, nani awezaye kuwakatalia maji ya kubatiziwa.

Tembo hupata magego mara 6 maishani mwake. Seti ya mwisho ikisagika, hawezi tena kutafuna, na siku zake zimekwisha. Bibi Tembo alipofika hapo alikwenda kulala karibu na mahali alipochimba mara ya kwanza. Usiku ule wa mwisho, mmoja alilala karibu naye kuliko wote. Alikuwa Fisi, na alikuwa akingoja.

Asubuhi Fisi alisimama juu ya mchanga, tumbo limejaa, akawatangazia wanyama: "Mimi ndiye niliyekuwa naye hadi pumzi ya mwisho. Kilichokuwa ndani yake sasa kimo ndani yangu."

Hakuna aliyeweza kusema anadanganya.

Alianza kwa kujitolea kukilinda kisima. Akakizungushia miiba ya mgunga, akaacha mlango mmoja, akasema ni kwa usalama wa wadogo. Kisha akasema mlango unahitaji mlinzi na mlinzi anahitaji kula. Kisha akajiita Baba wa Maji. Juu ya tope lililokauka palikuwa na alama ya unyayo wa Bibi Tembo. Akaizungushia mawe, akasema upako umo humo, na kwamba kibuyu kikigusishwa hapo hata maji ya bwawa la viboko huwa maji ya uzima. Vibuyu vikawa na bei. Kidogo, mfupa mmoja. Cha kati, mifupa mitatu. Cha kumwona Baba ana kwa ana, paja.

Lililoniumiza zaidi ya bei ni lile la kicheko. Wajua fisi akisisimka hutoa sauti kama ya kucheka. Fisi huyu akafundisha kwamba hiyo ndiyo alama. Aliyekunywa kweli, alisema, atacheka usiku kama mimi, asiyecheka hajapokea. Basi usiku Mwagusi ikajaa vicheko. Pundamilia walicheka. Tandala walicheka. Walicheka waliokunywa na wasiokunywa, na kwa kuwa kila mmoja alimwogopa jirani yake, hakuna aliyeuliza kicheko kile kina maana gani. Twiga aliacha kulinda, akaenda kujifunza kucheka. Kwale akaambiwa wimbo wake si alama, akanyamaza.

Palikuwa na swala mdogo wa kike aliyekuwa amekunywa katika kisima cha Bibi Tembo akiwa bado ananyonya. Alikuwa mpole, mwenye kuwangoja walemavu kundi likikimbia. Hakuweza kucheka. Alijaribu usiku kucha, akikaza koo mpaka likatoa damu. Wenzake walimzunguka wakimpigia kelele, wakamtikisa kichwa, wakamwambia afungue kinywa aige tu, itakuja yenyewe. Asubuhi alikaa peke yake akilia, akiamini kwamba aliyeleta maji hamtaki. Nimewafahamu vijana wa namna hii, katika makanisa ya miji yetu. Wanasali, wanatunza wazazi, hawadanganyi, na wanalala na huzuni kwa sababu mkesha umekwisha na wao hawajanena kwa lugha. Karama ya lugha imo katika Maandiko nami naiheshimu. Siku ya Pentekoste wageni waliotoka Parthia, Misri na Rumi walisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha za makwao. Lakini Paulo, aliyesema mwenyewe kwamba ananena kwa lugha kuwapita Wakorintho, aliwauliza kama wote wananena, akitarajia jibu la hapana. Na akasema kanisani angechagua maneno 5 yanayofundisha kuliko 10,000 yasiyoeleweka. Kati ya swali hilo na nasaha hiyo aliweka sura nzima ya upendo. Anayemwambia kijana mwaminifu kwamba hana Roho kwa sababu koo lake halikutoa sauti fulani anamjeruhi mahali ambapo Mungu alikuwa amekwisha kumponya.

Mwaka huo kifaranga mmoja wa Mama Kanga akaugua. Alikuwa haamki, macho yamefunga, ulimi umekauka. Mama Kanga akaenda mlangoni kwa Fisi na yai moja.

"Panda mbegu, mama," Fisi akamwambia. "Yai moja? Ukipanda kidogo utavuna kidogo."

Akaleta matatu, akapewa kibuyu. Kifaranga hakuamka. Akaleta matano, akapewa kibuyu kingine na kipande cha tope la unyayo. Kifaranga akazidi. Akaleta kiota chote, mayai yote aliyokuwa amebakiza duniani, akayasukuma kwa mdomo, moja baada ya jingine, hadi miguuni kwa Fisi. Fisi aliyala mbele yake, akajipangusa, akamwambia kifaranga haponi kwa kuwa imani ya mama ni haba.

Namwomba msomaji alitafakari neno lile la mwisho kabla hatujaendelea. Kumnyang'anya mtu mali ni wizi, na wizi una dawa, kwa maana mali hurudishwa. Kumwambia mama aliyetoa kila kitu kwamba mwanawe anakufa kwa upungufu wake ni kumwibia hata njia ya kumwendea Mungu. Atamwombaje tena, akiwa ameambiwa kosa liko kwake?

Kiangazi kilipozidi, Fisi akatangaza kwamba atamwaga maji juu ya unyayo usiku mmoja, na atakayewahi kuyakanyaga kabla ya jua kuchomoza hatakuwa na kiu tena maisha yake yote. Walikuja kutoka pande zote, wagonjwa wakiwa mgongoni mwa wazima, akina mama na watoto. Mlango ulikuwa mmoja. Miiba ilikuwa pande zote. Fisi alipopiga ukelele, wote walisukumana kuelekea mahali pamoja, na waliokuwa wadogo wakawa chini ya waliokuwa wakubwa. Kulipopambazuka unyayo wa Bibi Tembo haukuonekana tena. Ulikuwa umefunikwa na miili.

Sikulibuni jambo hilo kwa kutaka kumtisha mtu. Tarehe 1 Februari 2020, jioni, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwamo watoto. Walikwenda pale kwa sababu walikuwa na shida za kweli: maradhi, madeni, ndoa zilizovunjika, kazi zisizopatikana. Siwahukumu hata kidogo. Mwenye kiu huenda anakoambiwa kuna maji, na dhambi iko kwa waliowafundisha kwamba kipawa cha Mungu humwagwa mahali pamoja, saa moja, na atakayechelewa atakosa.

Mama Kanga hakuwako usiku ule. Alikuwa amekaa nyikani, kifaranga chini ya bawa, hana yai, hana machozi. Firigogo alipita juu, akielekea kwa makinda wake, akamwona, akashuka. Akasimama mbele ya kifaranga, akapanua manyoya ya tumbo. Kifaranga aliingiza kinywa kwenye manyoya yaliyolowa, akanyonya. Akanyonya tena. Akafungua jicho.

"Sina cha kukulipa," Mama Kanga akasema. "Mayai yamekwisha."

"Mayai ya nini?"

"Ya maji."

Firigogo hakuelewa. Ilibidi aelezwe habari za mlango, vibuyu na mbegu, kwa maana yeye tangu Bibi Tembo alipofariki alikuwa akinywa umbali wa kurusha jiwe kutoka kwenye ule uzio, chini zaidi ya mto, katika visima vilivyochimbwa na binti za Bibi Tembo. Mto wote una maji chini yake, akamwambia. Bibi alisema hivyo mara ngapi?

Akampeleka. Njiani walimkuta Kinyonga, mzee sasa, rangi moja, amekaa juu ya tawi karibu na njia iendayo kwa Fisi. Kila mwenye yai, mfupa au buyu aliyepita hapo, Kinyonga alimwambia: "Mimi nilitaka kuyanunua. Nilikuwa na mali kuliko wewe. Nilikataliwa, na kukataliwa kule ndiko kulikoniokoa. Rudi na yai lako, mwanangu." Wengine walimsikiliza. Wengi walimwona ni mzee mwenye wivu.

Walipofika kwenye kona ya mto, Mama Kanga alisimama akitazama mchanga mkavu. "Mimi si tembo," akasema.

"Ngiri naye si tembo," Firigogo akamjibu. "Omba, halafu ukune kwa miguu kama ulivyozoea."

Akaomba. Hakuwa na maneno mengi. Akakuna, kama kanga wote wakunavyo wakitafuta mbegu, na mchanga mweupe ukawa wa kijivu, na wa kijivu ukawa mweusi. Yule swala mdogo, aliyekuwa amewafuata kwa mbali kwa aibu, akasogea. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kucheka. Alikunywa, na jambo la kwanza alilofanya alipoinua kichwa ni kwenda kuwaita walemavu waliobaki nyuma.

Fisi bado ana uzio wake, na asubuhi bado kuna foleni mlangoni kwake.

Yesu alifundisha, katika sura ya 11 ya Luka, kwamba ikiwa akina baba wenye upungufu wanajua kuwapa watoto wao samaki na yai wanapoomba, Baba wa mbinguni atawapa zaidi sana Roho Mtakatifu wale wamwombao. Sharti lililotajwa ni kuomba. Sadaka ya kulitegemeza kanisa na kuwasaidia maskini ni njema, nami naitoa. Lakini ikitajwa kuwa malipo ya kumpokea Roho, haina tofauti na mabuyu ya Kinyonga. Wewe uliyeweka kando fedha ya karo au ya dawa ili Jumapili upewe chupa, kitambaa au zamu ya kuwekewa mikono, lipa karo, nunua dawa. Kisha ingia chumbani mwako jioni ya leo, umwombe Mungu Roho wake. Na mchungaji unayesoma hapa, ukiwa umewahi kuweka bei, watu uliowatoza bado wapo na majina yao unayajua: warudishie.